Arslantepe: Dola Iliyozaliwa Mlangoni pa Ghala

Ni kibonge cha udongo mkavu, hakijazi hata kiganja. Upande wa mbele kina alama ya muhuri: simba, au mnyama mwenye mapembe, au wanyama wawili wanaofuatana. Wengi wetu tungetazama upande huo tu, tukasifu mchoro, tukakirudisha mezani. Kigeuze. Huku nyuma kuna alama ya kamba iliyosokotwa ikazungushwa kwenye kijiti, na udongo umebonyea pale ulipokandamizwa kwa vidole. Mwenye vidole hivyo alikuwa kazini, yapata miaka 5,300 iliyopita, akifunga mlango wa ghala.

Vibonge vya namna hii zaidi ya 2,000 vimefukuliwa Arslantepe, kilima kilicho jirani na mji wa Malatya, mashariki mwa Uturuki. Kwa maoni yangu ni mahali pachache sana duniani panapojibu vizuri hivi lile swali ambalo shuleni tulilijibu kwa kukariri: dola za kwanza zilianzaje? Jibu la kukariri huwa na wafalme, majeshi, maandishi na majengo ya kutisha. Arslantepe haina maandishi wala piramidi, na mtawala wake wa kwanza tunayeweza kuiona mifupa yake alizikwa wakati dola yenyewe imekwisha kuteketea. Hilo nitalirudia huko mbele, maana ndilo linaloninyima usingizi.

Kwanza kilima chenyewe. Kwa Kituruki arslan ni simba, tepe ni kilima. Kimo chake ni kama mita 30, eneo lake kama hekta nne, na chote kimetokana na mikono ya watu, ingawa hakuna aliyekusudia kujenga kilima. Aliyekulia kwenye nyumba ya tope anaelewa haraka. Tofali la udongo lililokaushwa juani ni rahisi, lakini mvua hulila ukuta kuanzia chini, paa linalegea, na baada ya miongo kadhaa nyumba inakwisha. Watu wa kule hawakuwa na sababu ya kuzoa kifusi. Walikisawazisha, wakajenga juu yake. Mtoto akajenga juu ya nyumba ya baba, mjukuu juu ya nyumba ya mtoto, na hivyo hivyo kwa maelfu ya miaka, mpaka kijiji kikajikuta kiko juu angani. Waarabu huita kilima cha aina hiyo tel, Waturuki huita höyük. Mimi nakiona ni kichuguu, isipokuwa mchwa wake ni watu. Anayekichimba huanza kwa wajukuu na kuteremkia kwa mababu.

Waliochagua mahali hapo hawakubahatisha. Tambarare ya Malatya ina chemchemi na ardhi yenye rutuba, na mto Frati uko kilomita zisizozidi 15 kutoka kilimani. Wafaransa chini ya Louis Delaporte walichimba hapo miaka ya 1930, wakitafuta habari za falme za baadaye zaidi. Mwaka 1961 wakaja Waitaliano wa Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, na hawajaondoka hadi leo. Kuanzia 1990, kwa karibu miaka 30, kazi iliongozwa na Marcella Frangipane, na sehemu kubwa ya hoja ninazozieleza hapa ni matunda ya subira yake na ya wenzake. UNESCO iliingiza kilima hicho kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021.

Tuteremke basi hadi kati ya mwaka 3900 na 3400 K.K. Wakati huo Arslantepe ilikuwa na wakubwa wake tayari. Juu ya kilima kulikuwa na nyumba kubwa zenye nguzo, na baadaye likajengwa hekalu kubwa juu ya jukwaa la mawe na udongo. Ndani ya hekalu wachimbaji walikuta bakuli kwa mamia, zimetapakaa na kurundikana. Si bakuli za kujivunia. Ni zile za kufinyangwa harakaharaka, nyingi kwa siku moja, ambazo mama mwenye nyumba asingempa mgeni wake. Pamoja nazo palikuwa na lakiri za udongo, vile vibonge vyetu. Inavyoonekana watu wengi walikuja hekaluni, wakapewa chakula, wakala, wakarudi makwao. Ilikuwa karamu ya ibada. Mwenye kuigawa alipata heshima, na bila shaka alipata pia nguvu kazi, lakini yote yalipitia mlango wa dini. Ukubwa wa namna hiyo tunaujua hata sisi: mzee anayechinja ng'ombe wengi husikilizwa zaidi barazani.

Kisha, kati ya 3400 na 3100 K.K., jambo linageuka. Kwenye mteremko wa kusini-magharibi linajengwa jengo la aina ambayo haikuwahi kuwapo hapo: vyumba, mahekalu mawili, ua na maghala, vyote vimeunganishwa kwa korido ndefu inayopanda na kuteremka kufuata kilima. Kuta za tofali la tope, nene zaidi ya mita moja, zilisilibwa kwa plasta nyeupe na kuchorwa kwa rangi nyekundu na nyeusi. Baadhi bado zimesimama zaidi ya mita mbili. Wataalamu huliita jumba, na wengi hulihesabu miongoni mwa majumba ya kwanza kabisa ya utawala yanayojulikana duniani. Neno jumba linaweza kutupoteza, tukawaza mapazia na matarumbeta. Kilichojaa humo ni hesabu.

Kati ya maghala, moja lilikuwa na mitungi mikubwa ya kuhifadhia chakula. Jingine, dogo zaidi, lilikuwa na mitungi michache, bakuli zile za ovyo kwa makumi, na lakiri zilizovunjwa. Ukisimama kwenye chumba hicho kidogo unaona kazi yote ilivyokwenda. Ngano au shayiri inatoka kwenye ghala kubwa, inaletwa hapa, inapimwa bakuli kwa bakuli, inapewa watu. Kila chombo kinapofunguliwa, lakiri yake inavunjwa, na vipande vinabaki palepale.

Sasa turudi mlangoni. Mlango wa mbao ulifungwa kwa kamba. Ncha ya kamba ilizungushwa kwenye kijiti kilichochomoza ukutani, udongo mbichi ukakandikwa juu ya fundo na kijiti, kisha mwenye mamlaka akaupiga muhuri wake. Udongo ukakauka. Udongo huo haumzuii mwizi. Mtoto anaweza kuuvunja. Kazi yake ni kusema kwamba mlango umefunguliwa, na kwamba aliyeufunga mara ya mwisho ni fulani. Unafanana na ile lakiri ya sanduku la kura kuliko kufuli.

Aliyetufundisha kusoma mgongo wa vibonge hivi ni mtafiti wa Kiitaliano Enrica Fiandra. Kabla yake watu walithamini sura tu ya muhuri, kama mkusanyaji wa stempu. Yeye akatazama nyuma, akaonyesha kwamba udongo umehifadhi umbo la kitu ulichobandikwa: hiki kilifunga mlango, hiki mfuko, hiki kikapu, hiki shingo ya mtungi iliyofunikwa kitambaa. Pale Arslantepe, yeye na mwenzake Piera Ferioli wakafanya kazi ya kuchosha ya kupanga maelfu ya vipande. Ikadhihirika kwamba lakiri zilizovunjwa hazikutupwa ovyo. Ziliwekwa, zikapangwa, na mahesabu yalipofungwa ndipo zikamwagwa kwa pamoja kwenye chumba kilichogeuzwa jalala. Ni kama vishina vya kitabu cha risiti. Mihuri tofauti iliyotumika ilizidi 200. Michache inajirudia mno, mingine inaonekana mara moja mbili. Yaani kulikuwa na maofisa, wadogo na wakubwa, na kila mmoja alijibu kwa alichokifungua. Yote hayo bila herufi moja kuandikwa, katika karne zilezile ambapo Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, makarani walikuwa wanaanza kuchora ishara za kwanza za maandishi kwenye vibao vya udongo.

(Lugha yetu, kwa njia, inakumbuka ukaribu huu. Muhuri tumeupokea kutoka Kiajemi, na neno serikali pia: sar ni kichwa, kar ni kazi. Mkuu wa kazi. Hakuna mtu aliyewahi kupeleka barua isiyo na muhuri ofisini akarudi na furaha.)

Lakini kwa nini mambo ya stoo yaitwe dola? Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo nitakwenda polepole. Katika kijiji cha kawaida, njaa ikikubana unakwenda kwa mjomba. Mjomba anakupa kwa sababu ni mjomba, na siku moja utamlipa kwa namna fulani, au mwanao atamlipa mwanawe. Ukubwa wa mjomba uko kwenye nafsi yake na undugu wake. Akifa, deni linayumba. Kwenye jumba la Arslantepe aliyepewa bakuli hakupewa kwa sababu ya undugu. Kuna uwezekano mkubwa alipewa kwa sababu alikuwa amefanya kazi: kulima mashamba ya jumba, kuchunga kondoo na mbuzi wake, kufinyanga, kufua shaba, kujenga kuta zile zile. Na aliyempa hakutoa chake. Alitoa cha ofisi, akaacha ushahidi wa udongo, na kesho yake mtu mwingine mwenye muhuri wa cheo hichohicho angeweza kufungua mlango huohuo. Utawala umetoka kwenye undugu umehamia kwenye cheo. Pia umetoka hekaluni: mahekalu mawili bado yapo ndani ya jumba, lakini chakula cha kila siku hakigawiwi tena mbele ya madhabahu. Frangipane anasisitiza sana hatua hii, na nadhani yuko sahihi. Karamu ni tukio la siku moja. Mgao wa kila siku unamfanya mtu ategemee.

Mkono mtupu haulambwi, na wakubwa wa Arslantepe hawakutegemea bakuli peke yake. Kwenye chumba kimoja cha jumba zilikutwa silaha 21 za shaba iliyochanganyika na arseniki: vichwa vya mikuki 12 na panga tisa, tatu kati yake zimenakshiwa fedha kwenye mpini. Hakuna panga za kale kuzidi hizi zinazojulikana. Kisu ni cha kukatia nyama, shoka ni la kuni, mkuki ni wa kuwindia. Upanga hauna kazi nyingine nje ya binadamu mwenzako. Kwamba silaha ya namna hiyo inajitokeza katika jengo lilelile lenye ghala na mihuri, sioni kama ni bahati nasibu. Katika miaka ya karibuni wachimbaji wamefungua pia ua mkubwa na, mbele yake, chumba chenye jukwaa dogo la tope lililobaki na mbao zilizoungua juu yake. Wanaamini ni kiti alichokalia mkuu alipopokea watu. Kwa hiyo mkuu alikuwapo. Ila hakuna sanamu yake, hakuna jina, na kaburi lake halijaonekana. Vyombo vya kazi yake ndivyo vilivyobaki.

Wanazuoni wamependekeza vyanzo vingi vya dola. Wapo waliosema ni umwagiliaji: mifereji mikubwa ilihitaji msimamizi. Robert Carneiro, mwaka 1970, alisema ni vita katika ardhi iliyobanwa: aliyeshindwa hana pa kukimbilia, analazimika kutawaliwa. Gordon Childe aliweka mji katikati ya kila kitu. Kwake mapinduzi yalikuwa ni kuzaliwa kwa miji, yenye mafundi, wafanyabiashara na makarani wanaolishwa na wakulima. Nadharia ya Childe inaikaa Uruk vizuri. Uruk ya mwaka 3100 K.K. ilikuwa na ukubwa wa kama hekta 250 na watu kwa maelfu mengi. Arslantepe yote ni hekta nne, na sehemu kubwa ya kilele ilishikwa na jumba. Wakulima na wachungaji waliolilisha waliishi vijijini, wakaja na mazao na wakaondoka na bakuli. Palikuwa na ofisi, ghala, silaha na hekalu, lakini mji haukuwapo.

Ukitaka kuona upande wa pili wa sarafu, nenda Mali. Jenne-jeno ni kilima cha makazi chenye hekta 33 kwenye uwanda wa mafuriko wa Niger, kilomita chache kutoka Djenné ya leo. Susan na Roderick McIntosh walichimba hapo mwaka 1977 na tena 1981. Watu walikaa hapo kuanzia kama mwaka 250 K.K. hadi karibu 1400 B.K., wakifua chuma, wakilima mpunga, wakifanya biashara ya mbali, na kukizunguka kulikuwa na makumi ya vilima vidogo vilivyokaliwa wakati uleule, kana kwamba kila kundi la mafundi lilikuwa na kisiwa chake. Ni mji, mtu asibishe. Lakini hakuna jumba lililoonekana, wala ghala kuu, wala kaburi la kifahari la mtawala. Watu kwa maelfu waliishi pamoja kwa karne nyingi, na kama palikuwa na mfalme basi alijificha vizuri. Mimi huweka vilima hivi viwili kichwani kwa pamoja kila ninaposoma kwamba watu wakishakuwa wengi dola huja yenyewe. Arslantepe ilikuwa na dola bila mji, Jenne-jeno ilikuwa na mji bila dola ya kuonekana, na zote mbili zilikuwa na nyumba za tope.

Mwisho wa jumba ulikuwa moto, karibu mwaka 3100 K.K. Lilichomwa likaanguka, na kwa ajabu moto huohuo ukazikausha kuta na udongo vikadumu. Aliyewasha hajulikani. Ninachokiona mimi ni udhaifu uliokuwemo ndani ya mtambo wenyewe. Jumba lilichukua mazao na kazi, likarudisha chakula. Mkulima alibaki kijijini kwake, na ukoo wake, na shamba lake. Siku ghala lilipoungua hakukuwa na mji wa watu waliofungamana nalo kiasi cha kulijenga upya. Kusini, Uruk na majirani zake waliendelea, kwa sababu huko watu walikuwa wamekwisha kuhamia ndani ya dola na familia zao. Arslantepe watu walirudi nyumbani.

Juu ya magofu vikasimikwa vibanda vya fito na udongo. Waliokaa humo walikuwa wafugaji, na vyungu vyao, vyeusi kwa nje na vyekundu kwa ndani, vinafanana na vya watu wa milima ya Kaukazi. Mfumo mkubwa wa lakiri ukatoweka. Hakuna tena bakuli za mamia.

Na ndipo anapotokea yule mtu niliyemwahirisha. Mwaka 1996 wachimbaji walifungua kaburi la mawe la miaka ya baada ya moto, kati ya 3100 na 2900 K.K. Ndani alilala mwanamume mmoja, mtu mzima, pamoja na vitu 64 vya metali: shaba, fedha, dhahabu, silaha, mapambo, vyombo. Alizikwa na vyungu vya aina mbili, vile vyeusi na vyekundu vya wafugaji, na vingine vilivyofinyangwa kwa gurudumu kama walivyofanya mafundi wa enzi ya jumba. Juu ya mawe ya kufunikia kaburi walilazwa vijana wanne, mkubwa wao hajafika miaka 20. Wawili kati yao walivaa mapambo ya fedha na shaba. Inaaminika waliuawa kwa ajili ya mazishi hayo.

Tukimwonyesha mtu yeyote kaburi hilo pamoja na chumba kidogo cha bakuli, tukamuuliza ni kipi kati ya viwili ni dola, wengi watanyoosha kidole kwenye dhahabu na vijana wanne. Lakini kilimani mpangilio ni kinyume. Enzi ya maofisa, hesabu na milango haikuacha mtu mmoja aliyetukuzwa hivyo. Aliyetukuzwa alikuja wakati hakuna ofisi, na yawezekana ndiyo sababu alihitaji utukufu wote ule: mamlaka yake yalikuwa mwilini mwake, na yalipaswa kuonekana hata anapofukiwa. Dola hurithi kiti hata kama mkaliaji hajulikani. Mkubwa asiye na ofisi inabidi aache watu wakitetemeka.

Yaliyofuata ni marefu na nitayapita haraka. Vijiji vikaja, ukuta wa ngome ukajengwa, Wahiti wakaingia, na baada yao ufalme uliojulikana kama Melid, ulioweka simba wa mawe langoni. Mwaka 712 K.K. Sargon wa Pili wa Ashuru akauteka mji huo. Simba hao, pamoja na sanamu kubwa ya mfalme Tarhunza, walifukuliwa na Delaporte na sasa wako kwenye makumbusho mjini Ankara. Ni wao waliokipa kilima jina lake.

Mgeni anayefika leo hupokewa na nakala zao mlangoni. Maghala yako mbele zaidi, kwenye mteremko, chini ya paa la kukinga mvua. Mbao za milango ziliungua zote, na yaliyobaki ni mapengo ukutani ambapo mtu mmoja mmoja alikuwa akiinama na bonge la udongo mkononi.